Fisi Mlezi wa Sungura

Mwaka huo mvua iligoma, na nyasi za bonde zima zikakauka kama fagio. Ubichi ulibaki mahali pamoja tu: uani kwa Simba, palipokuwa na chemchemi. Simba alikuwa na maji, nyama na cheo, lakini alikuwa mpweke. Siku moja alichungulia kijijini akamwona binti amempakata sungura, na tangu hapo roho yake haikutulia.

"Nami nataka sungura wa kufuga," akamwambia Fisi. "Nichagulie aliye mzuri."

"Hilo niachie mimi, Mfalme! Sungura nawajua kuliko mama zao."

Mchaguzi mwenye akili hutazama kama macho yanang'aa, pua ni kavu na masikio ni safi. Fisi yeye alibinya mapaja tu. Sungura, mwenye njaa na akili kwa pamoja, akavuta pumzi, akakaza mapaja, akachaguliwa. "Nakwenda kwenye majani mabichi!" akajisemea kwa furaha. Fisi akambeba kwa masikio, na sungura yeyote atakuambia uchungu wake.

Akafungiwa katika kibanda cha miti, majani akiyaona lakini hayafikii. Simba akaleta paja la swala.

"Mnyama wa mfalme hali majani kama mbuzi," akasema kwa majivuno. "Mlishe hili. Na maji je?"

"Sungura hanywi maji, Mfalme," Fisi akajibu upesi, maana kuteka maji ni kazi.

Simba alipoondoka, Fisi akalitafuna paja lote, na mfupa juu. "Ukifungua mdomo, kesho nakula wewe," akaonya. Ikawa hivyo kila siku. Fisi akanawiri, naye Sungura akabaki kuguguna miti ya kibanda na kulamba umande. Angefanyaje? Kumwambia Simba kuwa amekosea kuleta nyama ni kujichimbia kaburi, na bila majani angekufa. Maskini, aliogopa kweli kweli.

"Mbona amekonda?" Simba akauliza asubuhi moja, akilitua paja la siku hiyo.

"Hashibi huyu, Mfalme. Ongeza nyama."

Sungura akatoa pua kati ya miti. "Mfalme, mlezi wangu ananipenda mno. Nakuomba leo nile naye pamoja, mbele yako, chakula changu mimi. Naye aonje kwanza kuondoa sumu, kama ilivyo desturi."

Mate yakamdondoka Fisi. "Nitaonja, Mfalme! Hata kumaliza nitamaliza!"

"Umeahidi," akasema Simba, akafungua mlango.

Sungura akalipita paja la nyama bila hata kulinusa. Akaruka hadi chemchemini, akanywa, akanywa tena, kisha akang'oa fungu la majani akaliweka miguuni pa Fisi.

"Chakula changu ndicho hiki. Karibu, mlezi, onja."

Fisi akacheka kicheko chake. "Majani? Mimi?"

Simba hakucheka. Akalitazama paja, akalitazama tumbo la Fisi. "Kumbe niliyekuwa namfuga ni wewe!" akanguruma. "Onja!"

Fisi akatafuna, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo ndiye anayekata majani na kuteka maji, na kila fungu sharti alionje kwanza. Mgao wake wa nyama Simba huula mwenyewe, huku Sungura mnene amejilaza kwenye manyoya ya shingo yake.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.