Pesa ya Nyayo

Hapo zamani za kale, wanangu, hata wanyama walikuwa na mchezo wao wa masika. Mvua ikishika, shwaa! shwaa!, Tembo, Kiboko na Pimbi walijifungia pangoni wakacheza Nchi ya Kujifanya. Tembo alijifanya sultani. Kiboko alijifanya tajiri wa ng'ambo. Pimbi, mdogo kuliko wote na mama wa watoto watatu, alifanywa mpagazi. Hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nani.

Mchezo wa kujifanya, lakini zawadi ya kweli! Aliyemaliza na pesa nyingi alilala chumba cha ndani, kikavu, mpaka masika yaishe. Wa mwisho alilala mlangoni, kwenye matope.

Na pesa yenyewe ilikuwa majani. Tembo alitoa mkonga nje mara moja tu, kwacha! Tajiri. Kila mwaka Pimbi akalala mlangoni, wanawe wakikohoa usiku kucha.

Mwaka huo Pimbi akasema moyoni, "Wanangu hawalali mlangoni tena. Hawalali!"

Akasimama mbele ya sultani. "Mjomba Tembo, nchi gani hii pesa inaota mtini? Nani ataiamini?"

"He! Mpagazi leo ana maneno!" Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Pesa iwe ya udongo," Pimbi akaendelea. "Kila mmoja apate beseni moja, sawa kwa sawa. Akanyage, kila pesa iwe na alama ya mguu wake mzima, kisha akaushe motoni. Hapo hakuna wa kughushi."

Tembo akautazama mguu wake. Akatabasamu. "Sawa. Lakini pesa yangu moja izidi zako zote! Na ikivunjika imekufa, nisije nikamegewa."

"Ewaa, sultani," Pimbi akasema, akainama.

Gubu! Beseni zima la Tembo likatoa pesa moja tu, pana kama sinia. Gubu! Kiboko naye moja. Pimbi akakanyaga, ti-ti-ti-ti, vijipesa vikajaa sakafu.

Sasa, ndani ya mchezo, Kobe, asiyeshindania chumba kwa kuwa nyumba yake i mgongoni, ndiye aliyeuza karanga, na sheria ilikuwa ya siku zote: asiyenunua chakula kabla moto haujazimika, katoka mchezoni, analala mlangoni.

Tembo akaburuta sinia lake. "Karanga, Kobe!"

"Fungu kwa kijipesa kimoja, mzee. Chenji sina."

"Basi nipe karanga zote!"

"Zote hazifiki bei ya sinia hilo. Hapa hatupunjani."

Tembo akainua mguu alivunje. "We!" Kobe akapiga kelele. "Si ulisema mwenyewe ikivunjika imekufa?"

Mguu ukabaki hewani. Pembeni Pimbi na wanawe walikuwa wanatafuna zao, kachu, kachu, kachu.

"Chenji ninayo mimi," Pimbi akasema.

"Lete basi!"

"Sinia lako kwa gao moja la vijipesa, ujazo wa kiganja."

"Gao moja? Huo wizi wa mchana kweupe!"

"Kaa nalo, mjomba. Silitaki kwa nguvu."

Moto ukalia psss. Tembo akatazama mlangoni. Maji yalikuwa yanaingia. Akamtazama Pimbi, naye Pimbi hakupepesa jicho.

Kiboko ndiye aliyeshindwa kwanza. "Chukua langu, dada, chukua! Mimi na matope ya mlangoni hapana!"

"Na langu!" Tembo akanguruma. "Chukua, mwizi mdogo wewe!"

Wakanunua karanga mbio mbio, wakabaki na vijipesa sawa kwa sawa. Moto ukazimika. Kobe akatazama masinia mawili mbele ya Pimbi, akanyoosha shingo kuelekea chumba cha ndani. "Pita, mama."

Pimbi akawasukuma wanawe mbele yake, mmoja mmoja, mpaka kwenye majani makavu. Nje ya chumba, Tembo na Kiboko walikuwa bado wanabishana nani alale mlangoni.

Basi wanangu, pesa isiyoweza kununua kitu kidogo si utajiri, ni mzigo.