Uji wa Bi Nyamizi

Kama nyumbani kwenu kuna mzazi, soma hii mpaka mwisho, kisha mtumie na mama mkwe wake. Usiogope, atakusamehe.

Bi Nyamizi wa Tabora alipata mjukuu wa kiume. Kama ilivyo desturi, Kalunde, mke wa mwanawe, akawekwa ndani arobaini nzima, na kazi ya kumwogesha mtoto ikawa ya bibi. Na bibi huyo alimpenda mjukuu wake jamani, hilo nalisema mapema.

Shida ilikuwa usingizi. Mtoto akinyonya analala kidogo, anaamka, analia tena. Bi Nyamizi akaamua kwamba maziwa ya Kalunde ni mepesi. Basi kila akimaliza kumwogesha mtoto, anamnywesha kimyakimya uji mwepesi wa mtama kwa kijiko. Mtoto akawa analala fofofo, na nyumba nzima ikamsifu bibi.

Lakini mtoto hakunyonya tena sawasawa, na maziwa ya Kalunde yakapungua. Binti wa watu akawa analia, anajiona si mama wa kutosha. Kisha mtoto akaanza kuharisha, akalegea, wakamkimbiza zahanati.

Muuguzi akauliza mtoto anakula nini. Kalunde akaapa kwamba ni ziwa tu. Bi Nyamizi akainamisha kichwa, akasema ukweli.

Muuguzi hakumgombeza. Akaeleza kwamba tumbo la kichanga ni dogo, ndiyo maana anaamka amka, na kwamba watafiti wamelichunguza jambo hilo na hawakuona uji ukimsaidia kulala; vichanga hutulia wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, na mtoto akinyonya zaidi ndipo yanapotoka zaidi.

"Na asiponyonya?" Bi Nyamizi akauliza.

"Yanakauka, mama. Hata kwa mwanamke mwenye maziwa tele."

Kalunde akamgeukia mkwewe akitaka kufoka. Bi Nyamizi alikuwa amekaa sakafuni, analia.

"Mtoto wangu wa kwanza hakumaliza arobaini," akasema. "Mama mkwe alimpa uji, naye alitupenda, maskini. Maziwa yangu yakakauka. Mpaka leo nilikuwa najua ni mimi niliyemuua kwa njaa."

Mjukuu alipona, na kwa kunyonyeshwa mara kwa mara maziwa ya Kalunde yakarudi. Bibi bado anamwogesha, na akimaliza anamrudisha kwa mama yake. Ila kuna siku anabaki amempakata tu, anamwomba radhi mtoto mwingine.

Funzo: Kichanga kuamka amka si kosa la maziwa ya mama. Kabla hujamwambia mzazi kwamba hamshibishi mwanawe, uliza wanaojua, maana neno hilo anaweza kukaa nalo mpaka uzeeni.