Goti Lisilo Kovu

Goti lisilo kovu halijui mteremko. Leo mmeusikia msemo huo shuleni, mwalimu alipomwambia Namsifu huyu amwache mwanawe apande mti pamoja na wenzake, na Namsifu amenuna tangu mchana. Sasa mnaniuliza umetoka wapi. Umetoka hapa hapa kijijini, na mimi shangazi yenu Kiende nilikuwepo. Kaeni basi, na mtu asinikatize, maana nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo hakukuwa na barabara huku milimani. Shule ilikuwa juu, nyumba zetu chini, na katikati kulikuwa na lile jiwe pana mnaloliona mpaka leo, Jiwe la Mtelezo. Watu wazima walipita pembeni yake, kwenye njia ya udongo. Sisi watoto njia yetu ilikuwa jiwe lenyewe. Tulichukua maganda ya mgomba, tukayakalia, tukashuka mbio hadi kwenye majani kule chini. Kuumia tuliumia, nani anakataa? Lakini tulikuwa na sheria zetu, na hakuna mtu mzima aliyetufundisha. Mkubwa mmoja hutangulia chini kuwadaka wadogo. Hushuki kabla mwenzako hajaondoka. Na upande wa kushoto, kwenye korongo, hakuna anayesogea.

Mtoto mmoja tu hakuteleza, naye ni Nakijwa. Mama yake aliolewa huku akitokea tambarare, kule ambako chungwa likianguka unalikuta pale pale. Kwetu ukiliangusha, kalitafute kwa jirani wa chini. Tangu siku ya kwanza mama yule aliiogopa miteremko yetu. Kisha akafiwa na mtoto wake wa kwanza, mvulana, kwa surua, katika siku nne. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Surua hakuweza kupigana nayo, basi akaamua kupigana na mawe, miti, maji na kila kitu kingine kilichoweza kumgusa huyu wa pili. Alimnunulia viatu vya plastiki wakati sisi sote tulikuwa pekupeku. Asubuhi alimpeleka shule kwa kumshika mkono, na jioni akamfuata. Alipokuwa akipalilia tangawizi shambani, Nakijwa alikaa kwenye mkeka, ukingoni, akitutazama tunavyopiga kelele jiweni.

Tulimcheka. Tulimwita Yai. Jina hilo nilimpa mimi, na sijivunii. Siku moja alinijia kimya kimya akaniuliza jiwe likoje ukilikalia. Badala ya kumjibu nikamwambia aende akamuulize mama yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ulimi wangu mnaujua, haukuanza jana.

Basi ukaja mwaka wa mvua nyingi. Siku hiyo mwalimu aliona wingu limeshuka, akatuachia kabla ya saa sita. Tulipofika juu ya jiwe tukakuta njia ya udongo haipo. Imeporomoka yote, migomba na mawe vimelala chini. Na udongo uliobaki juu yetu ulikuwa bado unamong'onyoka, kidogo kidogo, tunausikia. Kukaa pale hakufai, na kurudi shuleni ni kupita chini ya udongo ule ule. Njia ilikuwa moja.

Hatukushauriana sana. Tukakaa chini, tukageuka tumbo kwa jiwe, tukashuka kinyumenyume tukitafuta nyufa kwa vidole vya miguu, kama tulivyofanya kila mara ganda la mgomba lilipotuponyoka katikati. Mmoja, wa pili, wa tatu, hata wadogo wa darasa la kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha, jiwe linateleza, lakini miguu yetu ililijua. Tulipofika chini tukamkuta Mama Nakijwa amesimama, ameona wingu akaja mapema kumpokea mwanawe, kanga imelowa mwilini. Anahesabu vichwa. Chake hakipo.

Nakijwa alikuwa amekuja nyuma yetu, lakini amesimama wima, na viatu vyake miguuni. Kukaa kwenye jiwe hakuwahi hata siku moja. Alipiga hatua tatu, ya nne ikamchukua. Aliteleza kwa ubavu hadi upande wa kushoto, mkono ukagonga jiwe, akanasa kwenye kichaka kimoja kilichoota kwenye ufa, juu kidogo ya korongo. Akatulia pale, mkono mmoja umekunjika vibaya, mwingine umeshika tawi.

Mama yake alianza kupanda. Alipanda mara ya kwanza akarudi chini kwa magoti. Mara ya pili vivyo hivyo. Hakuijua miamba, masikini, na kadiri alivyokazana ndivyo alivyoteleza. Wanaume walikuwa mashambani, upande wa pili wa mlima. Mimi nikapanda. Msinisifu, nilikuwa najua pa kukanyaga, basi. Nilifika karibu yake kiasi cha kuongea naye, lakini kumbeba nisingeweza. Nikamwambia avue viatu, alale tumbo, aache tawi. Akatikisa kichwa. Akaniambia mama amemkataza kuvua viatu, na mama amemkataza kukaa kwenye jiwe.

Nikageuka nikamtazama mama yake kule chini. Alikuwa amesikia. Juu yetu udongo ukamwagika tena kidogo.

Wanangu, nimewaona watu wengi wakiwa na mambo mazito mbele yao, lakini uso ule sijausahau. Maisha yake yote alikuwa akimwambia mtoto yule neno moja, usifanye, na sasa neno lile ndilo lililomfunga pale. Alipofungua mdomo sauti ilitoka imetulia, sijui aliitoa wapi.

"Nakijwa, vua viatu."

"Mama, nitaanguka."

"Vua, mwanangu. Msikilize Kiende. Fanya kama wanavyofanya wenzako."

Akavua. Kimoja kikaenda korongoni, tukakisikia kikigonga mara mbili. Nyayo zake zilikuwa laini, hazikuwa zimewahi kukanyaga kitu. Nikamwelekeza mguu kwa mguu: kushoto kuna ufa, usiangalie chini, papasa, tulia, sasa wa kulia. Alilia njia nzima, lakini alishuka. Alipofika majanini mama yake alimkumbatia, na hatukuwa tumefika mbali wakati kipande cha juu kilipoporomoka na kufunika kichaka kile.

Mkono uliungwa, ukapona, ingawa ulibaki umepinda kidogo. Baada ya juma moja wazazi wakakutana nyumbani kwa mjumbe. Walitaka jiwe lote lizungushiwe miiba, na mtoto atakayeonekana juu yake achapwe. Wengi walikubali. Wakamgeukia Mama Nakijwa, maana ndiye aliyekuwa karibu kufiwa, na kila mtu alijua angesema nini. Sisi watoto tulikuwa tumepangwa ukutani tukisubiri hukumu yetu.

Mama yule akasimama, akatuomba tukunje nguo tuonyeshe magoti. Tukashangaa, tukakunja. Akapita mmoja mmoja, akigusa. Goti langu lilikuwa na makovu matano. Kisha akamwita Nakijwa, akamsimamisha mwishoni mwa mstari. Magoti yake yalikuwa safi, hata kovu moja hamna.

"Wote hawa walikuwa jiwe lile lile, mvua ile ile," akasema. "Walirudi. Wangu ndiye aliyekwama, na nilimlinda kuliko ninyi wote. Nilidhani nimemhifadhi, kumbe nimemnyima. Goti lisilo kovu halijui mteremko."

Akaomba miiba iwekwe upande wa korongo tu, na sehemu iliyobaki waachiwe watoto na sheria zao. Mjumbe akasema amesikia. Miiba ile bado ipo, inapandwa upya kila ikifa.

Mkono wa Nakijwa ulipopona, mama yake alimleta jiweni mwenyewe. Alikata ganda la mgomba kwa panga lake, akalipima kama lina upana wa kutosha, akaniambia, "Kiende, wewe kaa chini umdake." Kisha akaenda kukaa mbali, ametupa mgongo, kwa sababu kutazama hakuweza. Mara ya tatu Nakijwa alipinduka, akachubuka goti la kulia. Alikimbia kwa mama yake na damu inatiririka mguuni, anacheka. Jioni nilipopita kwao nilisikia mtu analia ndani, nikajua Yai anaoshwa kidonda kwa maji ya chumvi. Nikachungulia. Nakijwa alikuwa ametulia kwenye kigoda, mguu mbele. Aliyekuwa analia ni mama, huku anaosha.

Namsifu, usidhani nakwambia haikuuma. Ilimuuma yule mama kila siku, mpaka akazeeka, na kila mara alimfungulia mtoto mlango.

Na alizeeka kweli, mpaka miguu ikakataa. Mwaka wake wa mwisho aliugua ghafla, tena wakati wa mvua, njia imeliwa na maji, na zahanati iko kule chini bondeni. Vijana wa machela walifika ukingoni mwa mteremko wakatazama utelezi, wakaogopa. Nakijwa, mwanamke mtu mzima tayari, alivua viatu akaviweka kando. Akamfunga mama yake mgongoni kwa kanga mbili, akashuka naye kinyumenyume, akipapasa kwa vidole vya miguu. Mimi nilikuwa mbele nikimwangalizia. Nilimtazama yule mama aliyeogopa milima yetu maisha yake yote, nikidhani nitamkuta amefumba macho kwa hofu. Alikuwa amefumba, ndiyo, lakini amesinzia, shavu lake limelala kwenye bega la mwanawe.

Goti lisilo kovu halijui mteremko.