Mshono Chini ya Rangi

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo sauti, wapendwa, ilikuwa inatoka uani usiku wa manane, mtaa mzima umelala, na haikuwa panya wala mwizi. Alikuwa mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, simu ameibana kwa meno ili tochi immulikie, anasugua gari la mumewe kwa msasa.

Nivumilieni, nawaambia kwa nini.

Huyo mume alikuwa na gari dogo jeupe, la zamani lakini linatunzwa, na kila Jumapili kabla ya ibada alichukua kitambaa na mafuta ya nazi akaipaka ile plastiki nyeusi inayozunguka tairi la mbele mpaka ing'ae. Na hakutaka mtu alisogelee. Siku moja akasema mbele ya rafiki zake, "Mama Atu, hata wewe, ukilikwaruza hili gari unafunga virago unarudi kwenu." Rafiki mmoja akadakia, "Bwana wee, si uhamie humo kabisa, tukuletee na godoro!" Wakacheka wote. Yule mama naye akacheka, lakini lile neno lilimwingia likakaa. Ninyi hamjawahi kucheka namna hiyo?

Sasa jirani anamwoza binti yake, na mume ameahidi kwamba gari lake ndilo litakalombeba bibi harusi. Siku moja kabla, mume yuko kwa kinyozi, lori la maturubai hilo hapo, dereva anapiga honi, "Shemeji, tutolee hiki kigari hapa, tumechelewa!" Mama wa watu akaingia, akarudi nyuma huku anakata usukani, pua ya gari ikazunguka, kidogo tu, krrr, nguzo ya geti. Plastiki ile ile. Mkwaruzo mweupe, mrefu kama mkono wangu huu.

Afanye nini? Akaanika nepi za mtoto kwenye boneti, zikaning'inia mpaka kwenye tairi, mume aliporudi hakuona kitu. Usiku akatoka na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, lililobaki walipopaka geti, akapuliza. Na rangi ikakataa! Ikajikunja kama utando wa maziwa, ikachunika, maana chini yake kulikuwa na mafuta ya Jumapili zote zile na yeye hakuosha kwanza. Ndipo akashika msasa, anakwangua, mtoto anashtuka, anambembeleza, anakwangua tena, hofu imemjaa, mpaka msasa ukakwama kwenye kitu.

Waya. Plastiki ilikuwa imepasuka zamani, ikashonwa kwa waya mwembamba, ule ule wa banda lao la kuku, kisha ikapakwa rangi juu.

Kabla hajaelewa, taa ya nje ikawaka. Mume huyo mlangoni, amejifunga taulo.

"Mama Atu, unafanya nini hapo?"

Msasa ukamdondoka. "Nisamehe, Baba Atu, nimeligonga, lori lilitaka kupita. Nitaondoka mwenyewe. Usinifukuze tu mbele ya watu wa harusi."

Mume akaja, akachuchumaa, akaangalia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umefika mpaka kwenye waya?"

"Nimefika."

"Nguzo gani umegonga?"

"Ya kulia."

"Hiyo hiyo," akasema. "Usiku ule wa uchungu wako, nakuwahisha hospitali, wewe unalia kiti cha nyuma, nikaigonga. Hukusikia. Nikaona aibu, dereva mzima mimi. Nikaogopa utanicheka."

"Na mafuta ya Jumapili?"

"Ya kuficha mshono. Na ule ukali wote, mama, ni ili mtu asisogee akauona." Akaokota msasa. "Nipe. Lete maji na sabuni. Halafu unimulikie."

Mnaona, wapendwa? Watu wawili, kitanda kimoja, wanaficha jeraha moja, kila mmoja peke yake, na anayetishia anaogopa kama anayetishiwa! Sisi je? Tunapaka juu ya mafuta, tunapuliza tabasamu la Jumapili, halafu tunashangaa mbona halishiki. Msasa unauma, najua, lakini yule mama angeupata wapi ule mshono bila kukwangua? Na yule baba, hivi lile neno la virago lilimlinda na nini, zaidi ya kumnyima mtu wa kumshikia tochi?

Lakini sikilizeni, nisiwadanganye. Sisemi kila ukali una woga ndani yake. Uko ukali ambao ni ukali tu, na kuna mwenzetu amekaa hapa, vitenge vyake vimenyooka, anajua kwamba kwake taa ya nje ikiwaka hakuna atakayechuchumaa. Dada yangu, wewe usikwangue peke yako usiku. Tukimaliza sala nitakuwa pale kwenye bomba la maji, namnyonyesha mwanangu. Njoo kama umekuja kunawa. Sitakucheka, sitakuhubiria, nitasogeza tu kanga ukae. Utakaloniambia, Mungu huyu ananisikia, sitamwambia mtu mwingine.