Kenge Aliyehesabu Samaki kwa Sikio

Paukwa!

Pakawa.

Mmenyamaza?

Tumenyamaza.

Nyamazeni, lakini msilale. Hadithi hii ina meno.

Hapo zamani za kale, Fisi-maji aliitamani ghuba moja ya ziwani, alikoishi Mama Perege na dada zake. Akaenda kuiomba kwa Mfalme Mamba. Mamba akasema ghuba yenye samaki haigawiwi, ila ikiwa tupu aichukue. Akamtuma Bwana Kenge akahesabu samaki kwa kusikiliza. Ndiyo, Kenge yule yule asiyesikia mpaka atokwe damu masikioni. Wakubwa wana mambo.

Kenge alizamisha kibuyu kirefu majini, akatega sikio, akaandika. Ghuba ya jirani alikoroma chura mmoja, Kenge akaandika samaki mia.

Sasa, perege hulea watoto kinywani. Mama Perege na dada zake walikuwa wamefumba midomo, watoto wamejaa ndani. Wangesemaje?

Siku ya kwanza Kenge akatega sikio. Kimya. Akaandika: hakuna samaki.

Siku ya pili akatega sikio. Kimya. Akaandika: hakuna samaki. Kobe, aliyekuwa akipita, akamsihi ainame tu awaone, maji yenyewe maangavu.

"Mzee Kobe," Kenge akasema, "mimi nimepewa kazi ya kusikiliza. Kutazama si idara yangu."

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Mama Perege aliogopa mno. Akinyamaza, ghuba inakwenda. Akisema, watoto wanatoka. Akaona heri aseme.

"Tupo, baba. Tupo wengi."

Watoto wakamwagika majini. Fisi-maji alikuwa amejibanza kwenye matete, akawala wote. Masikini mama yule, hata leo namwonea uchungu. Kenge akaandika: samaki mmoja, tena mlalamishi.

Mamba akaona mmoja si kitu, akaitoa ghuba. Fisi-maji akahamia, akawatafuna perege wote hadi wa mwisho. Kenge akazamisha kibuyu, akasikia mifupa ikivunjika kwa-kwa-kwa. Akaandika kwa furaha: samaki wameongezeka, sasa mia nne. Akavishwa kilemba.

Kiangazi kikaja, Mamba akashuka ghubani na njaa yake. Akatafuta mchana kutwa, asipate hata dagaa. Akamwita Kenge. Kenge akamsomea hesabu: mia nne.

"Vizuri," Mamba akasema. "Basi nitamla aliyewahesabu."

Akammeza na kilemba chake.

Wanangu, asiyesema si kwamba hayupo. Huenda kinywa chake kimebeba mzigo. Ukitumwa kuwahesabu wenzio, wafuate walipo uwaone.

Ngano yangu naifunga hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.