Nazi ya Mwisho ya Mama Mnazi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Aka, sauti gani hiyo, mmekula au mmenusa tu? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo kale, miti ilipokuwa bado inasema, Mama Mnazi alisimama peke yake ufukweni. Mwaka ule alizaa nazi tatu tu, akataka bahari izichukue zikaote mbali. Ya kwanza aliiangusha mapema, maji yamekupwa, ikaokotwa ikakunwa. Ya pili aliikawiza, panga la mkwezi likaifikia. Ikabaki moja, kitinda mimba, na roho ya mama ikawa mkononi.

Asubuhi moja akasikia mguu kwenye kidato cha chini, ile alama ya kukanyagia iliyochongwa shinani. Alikuwa Mcha, mkwezi, panga kiunoni. Chini yake mkewe, Bi Mize, ameshika pakacha.

"Kaa we, kaa!" Mama Mnazi akaita. "Maji yamefika wapi?"

Kaa alikuwa mlangoni mwa shimo lake, chini ya mnazi. "Bado, mama. Yako kwenye mwani."

Mcha akapanda, ta, ta, ta.

"Mama, niache nianguke!" nazi ikalia. "Anakuja!"

"Ukianguka sasa Bi Mize atakuokota mchangani. Shikilia! Kaa we, kaa! Maji yamefika wapi?"

"Bado, mama. Yako kwenye mawe."

"Yahimize basi!"

"Mimi? Mimi ndiye mwenye bahari?"

Wallahi, mama yule alitetemeka makuti yote. "Mwanangu, kumbi lako la nyuzi usilivue, ndilo chombo chako. Maji ya tumboni usiyamalize, utayahitaji ukichipua. Na ukitupwa mchangani, usiulize ni kwa nani. Toa mizizi."

"Na wewe utajuaje kama nimefika?"



Mcha akafika kileleni. Akaigonga nazi kwa ukucha, ko, ko, ko. "Mize! Hii imekomaa!" Panga likatoka kiunoni.

"Kaa we, kaa! Maji yamefika wapi?"

"Yananilowesha miguu, mama! Yamefika!"

Mama akaachia. Chubwi! Nazi ikazama, mama akafa moyo. Ikaibuka. Bi Mize akaikimbilia na kanga yake, maji ya magoti, maji ya mapaja, maji ya kiuno. Ikamponyoka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mkondo ukaichukua.

Tangu hapo Mama Mnazi akawa anainama baharini kuchungulia. "Kaa we, kaa! Mwanangu amefika?"

"Sijui, mama."

Leo hajui, kesho hajui, mwaka hajui. Ndiyo maana mkienda pwani mnaikuta minazi imeinama.

Masika moja wimbi likatupa nazi ngeni miguuni pake, kumbi limegandwa na vikome, vile vigamba vidogo vya baharini, na juu kichipukizi cha kijani. Kaa akaizunguka. "Si wako, mama. Huyu katoka mbali."

"Najua si wangu. Ana mamake huko, naye anamwuliza kaa wake, na kaa wake hajui. Nenda ukamwambie kafika."

"Kwa njia gani, mama? Mimi mwenyewe natembea ubavu."

Mama Mnazi akaligeuza kuti lake moja, la upande wa bahari, akamtilia kivuli yule mgeni.

"Basi na wangu apate wa kumfanyia hivi," akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Naisukumia majini, atakayeiokota aipande.