Ndumba ya Aloisi Mligo

"Mshinda hoja zote hucheza peke yake." Sekela amemwambia kaka yake maneno hayo sasa hivi, mmecheka, kisha mmenigeukia mimi kuniuliza yametoka wapi. Wengi huyasema bila kujua. Mimi najua, maana yalizaliwa hapa hapa Njombe nami nikiwepo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana. Kila Jumamosi mchana tulikutana watu wanne katika chumba kilichowahi kuwa ghala la pareto. Tulivaa masweta mazito, tukala viazi vya kuchemsha na kucheza mchezo wa hadithi. Mmoja husimulia safari, wengine huwa watu wa ndani ya safari hiyo, na madadu huamua nani kapiga na nani kapigwa. Msimuliaji nilikuwa mimi, na penye utata uamuzi ulikuwa wangu. Yusta Ngole, muuguzi, alikuwa mwindaji. Aloisi Mligo, fundi redio, alikuwa mganga. Wa nne alikuwa Kashaija, mpima ardhi aliyeletwa kikazi kutoka Bukoba, na yeye alikuwa askari wa mkuki.

Kashaija hakuwa na ndugu Njombe. Alipanga chumba kimoja, akapika mwenyewe na kula mwenyewe. Kitabu cha mchezo kilikuwa cha Kiingereza, naye akakitafsiri chote kwa mkono katika daftari nene ili sisi tukielewe. Ilimchukua miezi saba. Kwa hiyo tulipokwama tulimuuliza yeye, naye hakukosea hata siku moja.

Aloisi alikuwa na kigugumizi. Dukani kwake alizungumza kwa kichwa na mikono. Lakini mchezo ulitaka mganga atamke ndumba zake, yaani maneno ya uganga, kwa sauti, na sisi tulizoea kumsubiri. Kanuni ilisema ndumba lazima iwe imetamkwa yote kabla dadu la adui halijaanguka, la sivyo imevunjika. Mimi nililishika dadu mpaka Aloisi amalize. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa mdomo. Ilikuwa hivyo tu.

Jumamosi moja Yusta alitueleza kwamba amehamishiwa Mpanda, na Jumatatu angeondoka. Basi ilikuwa siku yake ya mwisho. Tulipambana na jitu la pangoni, na mwindaji wa Yusta akaanguka, damu ikimtoka. Zamu ya Aloisi ikafika. Ndumba ya uponyaji ilikuwa na maneno tisa. Aloisi akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza kutamka huku amefumba macho. Alifika neno la nane akanyamaza. Nilidhani amemaliza, nikarusha dadu. Likaanguka mezani na neno la tisa lingali mdomoni mwake.

"I-i-inuka," akasema.

Yusta akapiga makofi. Mimi nilipaswa kuendelea na hadithi. Badala yake nikamgeukia Kashaija kwa mazoea, nikamuuliza, "Inakuwaje hapo?"

"Imevunjika," akajibu.

"Kwa nini ivunjike?" Yusta akauliza. "Mganga wa hadithini hana kigugumizi. Yeye kamaliza zamani. Mwenye kigugumizi ni Aloisi."

Kashaija akafungua daftari. "Kanuni inasema 'imetamkwa'. Haisemi imetamkwa na nani. Hapa mezani mwenye mdomo ni Aloisi. Jumamosi iliyopita mimi nilichelewa kutaja pigo langu, nikalikosa. Nilinung'unika?"

"Lakini kaka, leo ni siku yangu ya mwisho."

"Ndiyo maana tuicheze vizuri. Tukiipindisha, huko Mpanda utakumbuka nini? Kwamba ulihurumiwa?"

Walibishana hivyo karibu saa nzima. Kila Yusta alipotoa hoja, Kashaija aliijibu kwa upole, bila kupandisha sauti, na kila jibu lilikuwa sahihi. Mwishowe hoja zikaisha. Aloisi, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama, akaketi taratibu.

"N-ni sawa," akasema. "Mwindaji a-amekufa."

Nikasema na mimi, "Amekufa." Tukaagana. Yusta akamkumbatia Aloisi kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata Aloisi hakuja. Nilicheza na Kashaija tukiwa wawili, mchezo ukatushinda. Jumamosi ya tatu nilijiambia nina madaftari ya kusahihisha. Ya nne sikujiambia kitu, sikwenda tu.

Baada ya mwezi na nusu nilipita kuchukua sufuria yangu. Nikakuta mlango wazi. Kashaija ameketi ndani, viti vinne vimepangwa, karatasi ya kila mchezaji mahali pake. Alirusha dadu la jitu, akaandika. Akahamia kiti cha Aloisi, akatamka ndumba ya maneno tisa, polepole sana. Akaniona.

"Mwalimu, karibu. Leo mwindaji amepona."

Nikamuuliza, "Kwani kanuni umeibadilisha?"

"Hapana. Nimekisoma tena kitabu kile cha Kiingereza. Neno lile la kutamka lina njia mbili. Laweza kuwa la mganga, laweza kuwa la mchezaji. Njia moja niliichagua mimi wakati natafsiri, nikasahau kwamba nilichagua." Akakusanya madadu kiganjani. "Nilimjibu Yusta kila kitu. Hakuna hoja hata moja iliyonishinda. Sasa tazama. Mshinda hoja zote hucheza peke yake."

Nilikaa naye mpaka jioni. Kesho yake alikwenda dukani kwa Aloisi kuomba radhi. Aloisi alimpa kigoda na chai, wakazungumza habari za mvua. Alipoaga, Aloisi akamwambia, "Y-yamekwisha, kaka. Lakini Jumamosi s-siku hizi nina kazi."

Aloisi hakurudi mchezoni kamwe. Chumba kile wakakipanga watu wa mbolea, na mwaka uliofuata Kashaija akahamishwa. Mimi niliyachukua maneno yake, nikayasema shuleni, kikaoni na kanisani, yakaenda hata kwa watu wasiojua dadu ni nini.

Msije mkadhani Kashaija alikuwa mbaya, wala kwamba alikosea. Angekosea tungemcheka, na Jumamosi ya pili tungerudi kucheza. Alikuwa sahihi, nami niliyekuwa na dadu mkononi na ruhusa ya kuamua nikajificha nyuma ya usahihi wake. Mtu aliyetaka tu Jumamosi yake isiharibike alibaki na viti vitatu vitupu.

Kwa hiyo Sekela akikwambia tena maneno hayo, mwanangu, usimjibu haraka. Hata kama jibu unalo. Mshinda hoja zote hucheza peke yake.